Tanuru lililopendeza na kuyeyusha

Kusini mwa Usevya, huko Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wafua chuma wa kale walijenga matanuru ya udongo yaliyofikia mita 3 hivi, wakayatendea kama bibi harusi. Msomaji wa leo anaweza kusema heshima hiyo ilikuwa pambo tu, na kwamba kilichohitajika ni chuma. Nakataa. Urefu ule ule uliolipa tanuru haiba ndio uliovuta hewa kupitia matundu ya chini, moto ukawaka bila mivukuto. Kweli, chuma kilitoka na takataka, kikasafishwa katika tanuru dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa kuwa majembe. Lakini hilo halipunguzi thamani ya umbo la tanuru la kwanza: urembo ulibebwa na kazi. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliizima kazi hiyo ya kuyeyusha chuma karne ya 20.