Uta, Marafiki na Paa wa Songea



Jioni moja baada ya sala ya Alasiri walikuja kutuaga vijana wanne wa mtaani petu, marafiki waliosoma chuo kimoja tangu wadogo. Walikuwa wakienda Songea, mkoa wa Ruvuma, ambako mmoja wao ana mjomba. Mjomba huyo amewaahidi mambo mawili katika safari moja: kwanza kuwafundisha kutupa mishale kwa uta wa kienyeji, kisha kuwachukua porini wakawinde paa. Furaha imewajaa usoni. Tukawauliza maswali matatu tu. Huo uta mtajifunza kwa nia gani? Huyo paa mtamwinda kwa idhini ya nani? Na nyama yake, je, mna hakika itakuwa halali? Wakatazamana, asiwepo hata mmoja wa kujibu.

Hatukuwalaumu, kwani sisi wazee ndio tuliokaa kimya. Tukawaketisha, tukawaeleza haya ambayo tumeona ni vyema kukuandikia na wewe. Huenda nyumbani kwako pia pana kijana aliye mbioni kufunga mzigo.

UTA KATIKA MAFUNZO YA DINI

Usidhani kwamba uta ni mchezo wa watoto wa shamba. Katika Sura Al-Anfal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu anawaamuru Waislamu wajiandae kwa nguvu wawezazo. Sahaba Uqba bin Amir (R.A.) alimsikia Mtume (S.A.W.) juu ya mimbari akiifasiri nguvu hiyo kuwa ni kutupa mishale, na akalikariri neno hilo mara tatu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim.

Uqba huyo huyo alipokuwa mzee sana alionekana akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akitupa mishale. Mtu mmoja akastaajabu: mzee wa umri ule anajitaabisha kwa nini? Akajibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha. Nalo ni onyo kwa yule aliyejifunza kutupa mshale kisha akauacha ujuzi ule upotee. Tazama, ndugu msomaji: elimu ya mkono nayo ni amana kama elimu ya kitabu.

Na marafiki je? Bukhari amepokea kwa Salama bin Al-Akwa (R.A.) kwamba Mtume alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismaili alikuwa mtupaji hodari, kisha akasema yeye yu pamoja na kundi mojawapo. Mara wale wa upande wa pili wakaizuia mikono yao. Alipowauliza sababu, wakasema: tutatupaje na hali wewe u pamoja nao? Basi akawaambia watupe, naye yu pamoja nao wote. Haya ndiyo mashindano ya marafiki: hapana anayeachwa nje, wala hapana anayekwenda nyumbani na kinyongo.

Lakini uta huo huo una historia ya machungu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), watupa mishale 50 waliwekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, wakaamriwa wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia na ngawira imetapakaa, wengi wakateremka. Adui akazunguka nyuma, ushindi ukageuka msiba. Mishale yao ilikuwamo podoni. Kilichopungua ni utiifu. Mwenye kufundisha uta na asifundishe adabu, amefundisha nusu.

MASHARTI YA MSASI

Waswahili husema, msasi haogopi miiba. Kweli, lakini huogopa haramu. Adi bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mtu wa kuwinda sana, alimwuliza Mtume mambo mengi juu ya uwindaji, na majibu yake ndiyo msingi wa mafakihi hadi leo. Utaje jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale. Mnyama afe kwa kuchomwa na chembe, si kwa kupigwa na ubavu wa mti, kwani huyo ni kama aliyekufa kwa kipigo. Ukimkuta ameanguka majini usimle, maana hujui kama ameuawa na mshale wako au na maji. Ukimwahi yu hai, mchinje.

Sasa fikiri, msomaji. Masharti haya yote yanamtaka mwindaji awe na yakini. Asile kwa kubahatisha, wala asijidanganye kwa kuwa tumbo lina njaa. Na zaidi ya hayo, imekatazwa kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mazoezi. Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimlenga kwa zamu. Walipomwona walitawanyika, naye akaeleza laana iliyotajwa na Mtume juu ya jambo hilo. Kwa hiyo kijana ajifunze kwa kulenga tita la majani au gome la mti. Paa hafanywi ubao wa mwanafunzi.

Kuhusu marafiki wanaokwenda kuwinda pamoja, kisa cha Abu Qatada (R.A.) chatosha. Katika mwaka wa Hudaybiya alisafiri na wenziwe, wao wamehirimia, yeye hakuhirimia. Akamwona punda mwitu. Alipanda farasi wake, akaomba wampe mjeledi aliousahau, wakakataa, kwani aliyehirimia hasaidii uwindaji. Akateremka, akautwaa mwenyewe, akamwinda. Baadaye wakaingiwa na shaka juu ya nyama ile, wakaenda kumwuliza Mtume. Naye akawauliza kama kuna aliyemwamuru Abu Qatada au kumwonyesha mnyama. Waliposema hapana, akawaruhusu wale. Hao ndio marafiki, watu ambao mwenzao akiomba kitu kisichowajuzia humkatalia bila kumchukia, na wakipata shaka huuliza kabla ya kumaliza sufuria.

NCHI WANAYOKWENDA

Tukawauliza wale vijana: Songea ni nini? Wakasema ni jina la mji. La, ni jina la mtu kwanza.

Wangoni walitoka kusini ya Afrika wakikimbia vita vya zama za Shaka. Wakiongozwa na Zwangendaba waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa, yapata mwaka 1848, wakagawanyika, na baadhi yao wakashukia nchi hii ya Ruvuma. Silaha yao ilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea na ngao ya ngozi. Uta walioukuta ulikuwa wa wenyeji waliowatangulia. Kwa hiyo kijana anayejifunza uta Songea anashika chombo cha wanyonge walioshindwa na mkuki, wakabaki nacho kwa kulinda shamba na kutafuta kitoweo.

Pwani yetu nayo isijione mbali na habari hii. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoishambulia Mombasa, wenyeji waliupigania mji wao kwa mishale na mawe dhidi ya mizinga. Na katika karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walipitishwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma hadi Kilwa. Mali iliyojenga baadhi ya nyumba za mawe ilitoka katika mapori hayo, na tutaulizwa juu yake.

Wazungu pia waliujua mshale wa nchi hizi. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alisafiri pamoja na Livingstone huko Zambezi na Shire kuanzia 1858. Akaikuta sumu ya mishale iitwayo kombe, itokanayo na mmea utambaao ambao huota mpaka kusini ya Tanzania. Mswaki wake uliguswa na sumu hiyo bila yeye kujua, na alipousugulia meno akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na habari hiyo, wataalamu wa Edinburgh waliichunguza sumu ile, na Ulaya ikapata dawa ya moyo. Mwindaji wa porini, ambaye jina lake halikuandikwa, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza.

MKUKI, MAJI NA RISASI

Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuhifadhi wanyama, na uwindaji ukahitaji leseni. Mzungu mwenye bunduki na fedha aliipata leseni. Mwanakijiji mwenye uta na wavu akageuka mwizi katika pori alilozaliwa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza jinsi, huko Uzaramo, wanaume walivyoondolewa nyumbani kwa kazi za shuruti na uwindaji ukabanwa, nguruwe mwitu wakayala mashamba na njaa ikaingia. Hiyo ni moja katika sababu zilizowasha moto.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, vikafika Ungoni mwaka huo huo. Watu waliambiwa kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Haikuzigeuza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 hapo Songea, miongoni mwao Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ya bunduki. Hesabu za waliokufa katika vita vyote zinatofautiana, tangu 75,000 mpaka 250,000 na zaidi. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo jamaa zake wanaamini lilipelekwa Ujerumani.

Usiwacheke waliotegemea maji, ndugu msomaji. Walisimama kutetea nchi yao, na damu yao si ya kuchezewa. Lakini zingatia: aya ya Al-Anfal haikutuahidi kwamba risasi zitayeyuka. Ilitutaka tujiandae kwa kadiri ya uwezo wetu, ndipo tumtegemee Mola. Mwenye kumwahidi kijana ushindi bila ya maandalizi, awe mganga, mwanasiasa au mhubiri, humtupa penye mtutu wa bunduki.

PORI LA LEO

Baada ya vita mashamba mengi yaligeuka pori, wanyama na mbung'o wakachukua nafasi ya watu. Sehemu kubwa ya kusini ikawa Pori la Akiba la Selous, lililoitwa mwaka 1922 kwa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Pori hilo lilihesabiwa kuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Hawakumalizwa na uta wa mzee wa kijiji. Walimalizwa na bunduki na tamaa ya pembe, ile ile ya misafara ya Kilwa.

Basi leo mtu husema: sheria ya wanyama ni mabaki ya ukoloni, haitufungi. Hapana. Sheria ya Wissmann ilimnyima mwananchi ili kumpa mgeni. Ya leo ni ya nchi yetu, na wanyama ni amana ya watoto wetu. Kuwinda bila leseni ni kosa, na sumu na mitego imekatazwa. Tena mafakihi wako waliomkataza mnyama aliyekufa kwa mshale wenye sumu, kwa shaka ile ile ya aliyeangukia majini. Na imepokewa na Nasai onyo la shomoro atakayemshitaki siku ya Kiyama mtu aliyemwua bure, pasipo manufaa. Ikiwa shomoro anasikilizwa, seuze paa!

Tukawaaga vijana wetu kwa nasaha tatu. Jifunzeni uta kwa bidii, na mkiujua msiuache. Msiingie porini bila ya kibali, hata kama mjomba anasema hapana atakayeona, kwani yuko Mwenye kuona. Na kabla ya kutupa mshale wa kwanza, nendeni kwenye makaburi ya mashujaa, mjue mko katika nchi ya nani.

Walirudi baada ya wiki tatu. Paa hawakuleta. Mjomba, walipomwuliza habari ya leseni, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba hanayo, na akawashukuru kwa kumwuliza mbele ya wanawe. Wakashinda wakilenga tita la nyasi nyuma ya nyumba, na jioni wakachinja jogoo, wakala pamoja na majirani. Mmoja wao alituonyesha vidole vilivyochubuliwa na upote. Akasema mshale wa kwanza uliotua katikati ya shabaha ulikuwa baada ya siku kumi na moja. Tukamwambia hilo ndilo windo lake.

Na wewe, ndugu msomaji, kijana wako anapokuja kukuaga, usimpe nauli tu. Mwulize maswali yale matatu, na umsubiri mpaka ajibu.

Wabillahi tawfiq.