Hakimiliki ya muziki wa Wagogo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaulinda muziki wa Wagogo wa Dodoma kwa njia mbili zisizolingana nguvu. Kazi yenye mtunzi anayefahamika hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Doduma aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003, ameacha tungo zitakazolindwa hadi mwisho wa 2053.

Muheme, ngoma ya jadi ya Wagogo, ni habari nyingine. Wanawake huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja wakiwa wamesimama, na hakuna ajuaye nani aliitunga. Hiyo sheria huiita sanaa ya jadi. Anayetaka kuitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kimila, anatakiwa kuomba kibali Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Wanakijiji wanaoipiga kwenye jando hawahitaji ruhusa ya mtu. Utaratibu mzuri, ila mwenye kutoa kibali ni baraza, wala si wapigaji wenyewe wa Chamwino, mkoani Dodoma.

Mabadiliko ya karibuni yameelekea zaidi kwenye ukusanyaji wa fedha. Bunge, hapo hapo Dodoma, limepitisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Fedha za namna hii humfuata mwenye kazi anayejulikana kwa jina, na muheme haina jina la kuandikwa kwenye fomu.

Kwa upande wa maumbo ya bidhaa hali ni dhaifu zaidi. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Tanzania Bara, kwa miongo mingi baada ya uhuru, ilibaki na sheria ya kikoloni ya 1936 inayokinga maumbo yaliyosajiliwa Uingereza. Ilimba, ala ya muziki ya Wagogo yenye sanduku la mbao, vijiti vya chuma na utando wa buibui unaoipa mvumo, ni umbo la zamani, hivyo halisajiliki kama jipya. Hatari ni mtu kulibadili kidogo kisha kulidai lake. Mkataba wa Riyadh wa Sheria ya Maumbo, uliopitishwa Novemba 2024, unaruhusu nchi kumtaka mwombaji aeleze sanaa ya jadi anayoijua inayohusiana na umbo lake. Kifungu hicho ni cha hiari: nchi isiyokiingiza katika sheria zake haina cha kumdai mwombaji.