Usibonye Hapo

Nilianza kuchora ramani ya dini ya Ramisi kwa wivu, nakiri. Nilikuwa nimesoma habari za wataalamu wawili, Kenneth Dean na Zheng Zhenman, waliozunguka kijiji kwa kijiji katika uwanda wa Putian, mkoa wa Fujian, pwani ya kusini-mashariki ya China. Vijiji 724. Kila walipofika waliuliza: hekalu hili ni la mungu gani, lilijengwa lini, msafara wa sikukuu unapita njia ipi na unaishia wapi. Majibu yote wakayatia kwenye ramani ya kompyuta, na mwaka 2010 kitabu chao kikatoka.

Kilichonishika ni kwamba mahekalu yale hayakutapakaa ovyo. Yalifuata mifereji. Uwanda ule zamani ulikuwa tope la bahari. Watu wakaukausha, wakajenga bwawa la Mulan katika karne ya 11, na vijiji vilivyogawana maji vikaishia kugawana sikukuu pia. Tena ni watu wa pwani kama sisi. Mazu, mungu wa kike anayeombwa na mabaharia, asili yake ni kisiwa cha Meizhou, huko huko Putian.

Basi nikajiambia, hata sisi tuna mto. Tuna miwa, tuna misikiti, makanisa, makaya na mizuka. Tutashindwaje? Nikachaji simu, nikaanzia darajani, barabara ya Lunga Lunga.

Kabla sijasimulia yaliyonikuta, niseme kwanza kwamba sikuwa wa kwanza. Kusini mwa pwani yetu imepimwa mara nyingi, na kila mpimaji aliona kile alichokijia. Wanaakiolojia walifuata mawe. Ndiyo maana Msikiti wa Kongo pale Diani, Mto Mwachema unapoingia baharini, umo katika orodha zao, na magofu ya msikiti wa kijiji cha Shirazi yamo pia. Lakini msikiti wa miti na makuti hauachi gofu. Ukiangalia alama za mawe peke yake utadhani Uislamu ulikaa ufuoni tu, ukiogopa kupanda juu mashambani. David Sperling, katika tasnifu aliyoiwasilisha London mwaka 1988 kuhusu kukua kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda kuanzia 1826 hadi 1933, alikwenda kuwauliza wazee wenyewe. Hapo ndipo inapoonekana jinsi dini ilivyoingia vijiji vya Wadigo, miguu kwa miguu na watu na biashara zao.

Makaya nayo? Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Walioyatia kwenye ramani kwa bidii kubwa hawakuwa watu wa dini. Walikuwa watu wa mimea. Katika miaka ya 1980 Anne Robertson na Quentin Luke walizunguka misitu ya pwani wakiandika majina ya miti, wakakuta kwamba misitu iliyosalia mizima mara nyingi ndiyo ile ambayo wazee walikataza isikatwe. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na makaya yakaanza kutangazwa kuwa turathi za kitaifa. Kaya Kinondo, jirani zetu hapo Diani, ikawemo. Mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na makaya mengine, yaliyosambaa kiasi cha kilomita 200 za pwani. Ukienda leo utafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuambiwa usitoke hata na jani.

Sidharau ramani hizo. Mlima Mrima, magharibi ya Ramisi, umekalia niobiamu na madini mengine adimu. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni iliyotaka kuchimba, wawekezaji wakaishitaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na mwaka 2018 wakashindwa: leseni haikuwa halali. Moja ya mambo yaliyowakwamisha ni kwamba mlima ulikuwa tayari umeandikwa msitu wa hifadhi na turathi ya taifa. Karatasi ikasimama mbele ya mashine. Lakini nenda kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni kaya, ukaone hoteli imekaa wapi. Karatasi nyingine hazisimami.

Sasa Ramisi yenyewe. Ukiwauliza watu wa nje watakwambia ni mji wa sukari, na hawajakosea. Kiwanda cha zamani kilifanya kazi hadi mwaka 1988, kikafa, kikaacha chuma kinachooza na vijana waliozeeka wakingoja kifufuke. Miwa iliwaleta watu kutoka mbali. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika miwa na mkonge, wakazaa hapa, wakazika hapa, na bado iliwabidi mwaka 2016 wafunge safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Hebu fikiria: mtu ana kaburi la babu yake Kwale lakini hana karatasi. Nilipoanza kubonya alama kwenye simu, nyingi za mwanzo zilikuwa makaburi ya namna hiyo. Hayana ukuta wala maandishi. Mwenyewe anakuonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na pale penye mmea.

Siku ya tatu nilikwenda na mzee mmoja wa Kidigo, rafiki wa marehemu baba. Ni mtu wa swala tano, msikitini safu ya mbele. Nilimwambia, "Babu, nataka kujua mahali pote watu wa hapa walipoombea, si misikiti tu." Akacheka, akachukua bakora yake. Tukapita kando ya mashamba, tukavuka kijito, akanionyesha kisima ambacho zamani watu walikitolea sadaka mvua ikichelewa. Nikabonya. Akanionyesha njia ya zamani ya kwenda kaya, ambayo sasa inakatwa na miwa mara mbili. Nikabonya mwanzo na mwisho, katikati nikakisia. Nikaanza kuona kitu kama cha Putian: maji, njia, mahali pa kuomba, vikifuatana. Nilifurahi sana, siwafichi.

Kisha tukafika kwenye mti. Sitasema ni mti gani. Chini yake palikuwa na chungu kilichovunjika na kitambaa kilichofifia. Nilipoinua simu akaweka mkono juu yake, taratibu tu.

"Hapo usibonye, mwanangu."

"Kwa nini, babu? Huu si mzuka?"

"Ndiyo maana."

Tukakaa kivulini. Akanieleza kwamba kila kaya ilikuwa na fingo, kago la ulinzi lililozikwa ardhini, na waliojua lilipo walikuwa wachache. Lingejulikana na kila mtu, lingelinda nini? Halafu kuna wezi. Vigango vya Wagiriama vimeng'olewa makaburini vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani. Hilo najua ni kweli, kwa sababu vingine vimerudishwa. Nikamjibu kwamba mahali pasipo na alama, mpima ardhi akija anaandika shamba tupu. Miwa inaongezeka. Tingatinga halina adabu ya kuuliza. Nikamtajia Mrima.

Hakunijibu. Alitazama mti, akanyanyuka, tukarudi, na njia nzima alizungumza habari za mjukuu wake anayesoma Ukunda.

Nyumbani nikafungua ramani. Alama zilikuwa nyingi, na kati yake pengo pale mti ulipo, jeupe kama mashamba mengine ambayo hayana kitu. Wale wataalamu wa Putian hekalu waliliona, lina paa, lina sanamu, msafara wake una ngoma. Wenyewe wanataka lionekane. Mzuka wa Ramisi umeishi kwa kutoonekana. Chombo kile kile, na swali lile lile, lakini huku linaweza kuua kile linachokiuliza. Nilikaa na hilo wiki nzima bila kuongeza hata alama moja.

Ijumaa baada ya swala simu ikalia. Alikuwa yule mzee. Alisikia watu wenye vigingi vyekundu wameonekana upande wa kijitoni.

"Njoo ubonye," akasema. "Lakini ubonye mbali kidogo. Wajue pana kitu, wasijue pako."

Nilikwenda asubuhi yake. Tulisimama njiani, mti hauonekani kutoka hapo, akahesabu hatua kichwani, akanisogeza kushoto, akanirudisha kidogo, mpaka akaridhika.

"Haya. Hapo."