Usawazishaji wa hazina ya Gentoo

Usawazishaji wa hazina ya Gentoo ni kazi ya kuifanya nakala ya hazina ya vifurushi iliyomo katika kompyuta ya mtumiaji ilingane na ile kuu inayotunzwa na watengenezaji wa Gentoo Linux. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa Git, programu ya kudhibiti matoleo ya faili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005.

Yaliyomo

Hazina hii ina maelfu ya faili ndogo za maandishi ziitwazo ebuild. Kila moja inaeleza mahali pa kupakua msimbo wa programu fulani na namna ya kuijenga. Kwa kawaida huhifadhiwa katika saraka ya /var/db/repos/gentoo.

Utaratibu

Njia ya kawaida ni rsync, ambayo hulinganisha faili na kuleta zilizobadilika. Anayetaka kutumia Git huondoa kwanza nakala iliyoletwa kwa rsync. Kisha huandika "sync-type = git" pamoja na anwani ya hazina katika mpangilio wa /etc/portage/repos.conf, na kutoa amri "emerge --sync". Kwa kuwa historia nzima ni kubwa, programu ya Portage huleta hali ya mwisho tu, isipokuwa mtumiaji aagize vingine.

Historia

Watengenezaji wa Gentoo walitumia CVS hadi Agosti 2015, walipohamia Git.

Usalama

Ebuild ni maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza, hivyo atakayeibadilisha kwa hila anaweza kuiharibu kompyuta ya mtumiaji. Tarehe 28 Juni 2018 mshambuliaji alipata neno la siri la msimamizi mmoja, akaingia katika akaunti ya Gentoo kwenye GitHub na kupachika amri za kufuta faili. Hazina kuu haikuguswa, kwa sababu ilikuwa kwenye seva za Gentoo zenyewe. Iliyokuwa GitHub ilikuwa nakala tu. Hata hivyo, waliosawazisha kutoka nakala hiyo wakati huo walikuwa hatarini.

Kinga mojawapo ni sahihi za kidijitali. Mtumiaji wa Git anaweza kuweka "sync-git-verify-commit-signature = yes", ili Portage ihakiki sahihi ya badiliko la mwisho kabla ya kulikubali.