Kuhama si kuhamishwa: Matumizi ya kitenzi 'move' na visawe vyake

KITENZI cha Kiingereza 'move' ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi hukutana nayo mapema darasani, na kwa sababu hiyo wengi huamini kuwa wanakifahamu vyema. Hata hivyo, ni kitenzi kinachowaponza wafasiri wengi, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja mahali ambapo Kiswahili hudai maneno kadhaa, na kila moja lina kazi yake.

Neno hilo liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa kilichopelekwa Uingereza na Wanormani baada ya mwaka 1066. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini 'movere', ambacho pia ndicho chimbuko la 'motion', 'mobile', 'remove' na 'motor'. Neno hilo la mwisho ndilo lililowapa Waswahili 'motokaa'.

Nani aliyehama?

Ugumu wa kwanza ni wa kisarufi. Katika Kiingereza, umbo lile lile hutumika kwa anayeondoka mwenyewe na kwa anayemwondoa mwingine. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa mnyambuliko: mtu huhama, huhamia mahali, humhamisha mwenzake, huhamishwa, na huhamishiwa kituo kipya.

Tofauti hiyo si ndogo. Novemba 1973, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa wameachishwa makazi yao ya zamani na kupelekwa katika vijiji vipya, baadhi yao wakibebwa kwa malori. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kueleza kuwa watu hao 'moved to villages' na sentensi yake ikawa sahihi. Lakini mfasiri akiandika 'walihamia vijijini' atakuwa ameifuta amri hiyo kwa herufi chache tu. Waliojiunga kwa hiari na vijiji vya mwanzo vya ujamaa walihamia, waliobebwa walihamishwa.

Mfano mwingine ni Dodoma. Uamuzi wa kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973, na mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali yote ingehamia huko. Serikali ilihamia Dodoma, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wake. Watumishi wake walihamishiwa Dodoma, kwa kuwa barua hazikuandikwa nao.

Visawe na mipaka yake

'Shift' kwa kawaida hueleza badiliko dogo la mahali au la mwelekeo, na Kiswahili chake cha karibu ni kusogea au kusogeza. Afrika Mashariki, wazungumzaji wengi wa Kiingereza hutumia neno hilo kwa maana ya kuhama nyumba, ilhali Mwingereza angesema 'move house' au 'move' peke yake. Nomino yake imepokewa katika Kiswahili kama 'shifti', yaani zamu ya kazi.

'Budge' hutumika zaidi katika ukanushi. Mlango uliokwama au mtu aliyeshikilia msimamo huelezwa kwa neno hilo, na Kiswahili husema hakubanduka, hakutikisika au hakulegeza msimamo.

'Transfer' ni kuhamisha kwa utaratibu rasmi, kama vile mtumishi, mwanafunzi, mchezaji au fedha, na nomino yake ni uhamisho. 'Relocate' ni neno la kiofisi zaidi, hasa kwa kampuni, ofisi au wakazi wanaohamia eneo jingine. 'Migrate' hutumika kwa safari za makundi ya watu, ndege na wanyama, kama nyumbu wanaovuka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara.

Kwa upande wake, Kiswahili kina maneno ambayo Kiingereza hakina neno moja la kuyalipa. Kusogea ni kwenda umbali mfupi. Kujongea ni kukaribia taratibu. Kupisha ni kuondoka ili mwingine apite. Kondakta wa daladala anapomtaka abiria asogee nyuma, na mwenye mkokoteni anapoomba apishwe, Mwingereza angeweza kutumia 'move' mara zote mbili.

Misemo isiyofasiriwa neno kwa neno

Bungeni, 'to move a motion' ni kutoa hoja, wala hakuna kinachosogezwa. Mahakamani, wakili anaposemekana 'moved the court', maana yake ni kwamba aliwasilisha maombi mbele ya mahakama. Mtu aliye 'moved' na habari za msiba ameguswa au ameingiwa na simanzi. Katika mikataba ya mikopo, 'movable property' ni mali inayohamishika, kama gari na samani, tofauti na nyumba na ardhi, ambazo ni mali isiyohamishika. Mkopaji asiyeelewa tofauti hiyo anaweza kuweka dhamana asiyoikusudia.

Umuhimu wa usahihi huo umeongezeka tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi zinahitaji Kiswahili ambacho mwananchi anaweza kukitegemea. Maelezo ya shahidi yakisema kuwa mpangaji alihama, ilhali aliondolewa, haki yake inaweza kupotea kabla shauri halijasikilizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kukifasiri kitenzi hiki, mwandishi hana budi kujiuliza mambo matatu: ni nani au ni nini kilichobadili mahali, ni kwa umbali gani, na ni kwa uamuzi wa nani. Kiingereza kinaweza kuliacha swali la tatu bila jibu. Kiswahili hulijibu ndani ya kitenzi chenyewe, na mwandishi anayechagua umbo lisilo sahihi huwa ametoa jibu lisilo la kweli.