Hitilafu za usafishaji wa filamu ya rangi

Hitilafu za usafishaji wa filamu ya rangi ni kasoro zinazojitokeza kwenye negativu pale mkanda unapopitishwa katika dawa. Makala hii inahusu hasa mfumo wa C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972 pamoja na filamu ya Kodacolor II, ukachukua nafasi ya C-22. Watengenezaji wengine waliufuata kwa majina yao: Fuji waliuita CN-16, Agfa wakauita AP-70. Ndiyo maana dawa moja husafisha mikanda ya karibu wote, na hitilafu ni zilezile.

Usuli

Msingi wa kemia yake uliwekwa na Mjerumani Rudolf Fischer miaka ya 1911 na 1912. Aliona kwamba developa, ikishaibua fedha, inaweza kuungana na kemikali nyingine na kuzaa rangi. Negativu ya leo ina matabaka makuu matatu: la juu hupokea mwanga wa buluu na kutoa manjano, la kati hupokea kijani na kutoa majenta, la chini hupokea nyekundu na kutoa sayani. Developa hupewa dakika 3 na sekunde 15 kuyapenya yote, katika joto la nyuzi 37.8 za selsiasi, na haivumilii kupanda au kushuka zaidi ya nyuzi 0.15. Hufuata blichi kwa dakika 6 na nusu, inayoigeuza fedha kuwa chumvi, maji, fiksa kwa dakika 6 na nusu nyingine, inayoiyeyusha, maji tena, kisha stabilaiza. Hatua hizi za baadaye hukubali joto la kuanzia nyuzi 24 hadi 41. Kosa lililotokea kwenye developa halina tiba. La blichi au fiksa mara nyingi linatibika, hata miezi baadaye.

Kusoma ukingo wa mkanda

Fundi mzuri haangalii picha kwanza, huangalia ukingo. Maandishi na namba zilizopo pembeni mwa mkanda huwekwa kiwandani kwa mwanga, hivyo hutegemea dawa tu wala hayahusiani na kamera. Picha zikikosekana huku maandishi yameiva vizuri, dawa haina hatia: ama mkanda haukusogea ndani ya kamera, ama kilango cha mwanga hakikufunguka. Maandishi yasipokuwepo kabisa, developa ilikuwa imekufa au mkanda ulianza kutiwa fiksa. Maandishi yakififia pamoja na picha, mkanda haukuiva. Mkanda mweusi mwanzo hadi mwisho, ukingo ukiwemo, uliona mwanga kabla ya kusafishwa.

Hitilafu za developa

Sababu kubwa ni joto. Tangi la baridi likimiminiwa dawa ya nyuzi 37.8, dawa hupoa papo hapo; kwa hiyo tangi hupashwa moto kwanza na kukalishwa kwenye beseni la maji ya joto muda wote. Joto likikosewa, matabaka hayaivi kwa mwendo mmoja: sehemu za kivuli huelekea rangi moja na sehemu angavu rangi nyingine. Vichujio vya uchapaji haviwezi kulirekebisha hilo, kwani ukinyoosha upande mmoja unapinda wa pili. Kipimajoto cha bei rahisi kinaweza kuharibu mkanda.

Dawa nayo huchakaa. Developa iliyogeuka kahawia nzito imeliwa na hewa. Wengine huizuia kwa kutumbukiza gololi za kioo ndani ya chupa hadi dawa ifike mdomoni. Hatari zaidi ni mchanganyiko wa blichi na fiksa unaouzwa katika vifurushi vya nyumbani: matone machache yake yakiingia kwenye developa, lita nzima imekwisha. Kila dawa iwe na jagi lake, na mfuniko wa tangi, unaopenda kuficha matone, uoshwe kila mara.

Hitilafu za blichi na fiksa

Blichi dhaifu huacha fedha ndani ya filamu. Negativu huonekana nzito, yenye chembechembe na rangi zilizofubaa. Wapiga picha za sinema waliifanya kasoro hii kuwa mtindo: Kazuo Miyagawa aliitumia kwa makusudi katika filamu ya Kon Ichikawa ya mwaka 1960, Otōto. Asiyeitaka hurudia blichi mpya, maji, fiksa na maji. Blichi iliyokosa hewa huweza pia kuiacha sayani bila rangi yake. Tiba ni hiyohiyo. Filamu yenye ukungu wa maziwa haikupata fiksa ya kutosha, nayo hurudishwa.

Tangi na mwanga

Filamu ya rangi hupakiwa katika giza totoro. Taa nyekundu, iliyozoeleka kwa karatasi za picha nyeusi na nyeupe, huchoma tabaka la chini na picha ikichapwa hugeuka nyekundu. Mabaka yasiyoiva ni mahali mkanda ulipogusana. Michirizi inayotoka kwenye matundu ya pembeni huletwa na kutikisa tangi kwa fujo.

Maji

Maji ya visima vya pwani, penye mawe ya matumbawe, huacha alama za chokaa. Dawa ya mwisho ichanganywe na maji yaliyokenekwa, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Kwa upande mwingine joto la pwani, linalomlazimu msafishaji wa picha nyeusi na nyeupe kutafuta barafu ili afikie nyuzi 20, halimsumbui wa rangi.

Filamu nyingine

Slaidi husafishwa kwa mfumo mwingine, E-6. Mikanda ya sinema yenye utando mweusi wa kaboni mgongoni haitiwi C-41 kabla ya kuondolewa utando huo.

Hali ya sasa

Kamera za dijitali zilifunga maabara nyingi za mitaani, na Kodak iliomba ulinzi wa ufilisi Januari 2012. Filamu za C-41 bado zinatengenezwa Rochester, Marekani.