Shambulio la Moyo Halingoji Namba ya Malipo

Baba yangu mdogo alifariki akiwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mkononi ameshika karatasi yenye namba ya malipo ya kipimo cha moyo. Alikuwa amefika usiku akilalamika kubanwa kifua na kutokwa jasho jingi. Aliyempokea aliandika "vidonda vya tumbo" na kumpa dawa ya kupunguza asidi. Kipimo kiliagizwa baadaye sana. Hospitali hiyo sitaitaja, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika hospitali nyingi za wilaya. Wanafunzi wangu, nikiwasimulia kisa hiki, hujibu upesi kwamba tatizo ni umaskini wa nchi. Historia ya tiba hii hainiruhusu kuridhika na jibu hilo.

Hadi James Herrick wa Chicago alipochapisha maelezo yake mwaka 1912, madaktari wengi waliamini kwamba kuziba ghafla kwa mshipa unaolisha moyo ni kifo cha papo hapo. Herrick alionyesha kuwa mgonjwa aweza kuishi, lakini kwa miongo kadhaa baada yake tiba kuu ilibaki kuwa kitanda. Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na shambulio mjini Denver, Septemba 1955, taarifa ya kwanza kwa waandishi wa habari ilisema kwamba tumbo lilikuwa limemvuruga. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilifanyika saa kadhaa baada ya maumivu kuanza. Rais wa taifa tajiri kuliko yote alianza pale pale alipoanzia baba yangu mdogo!

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1960, na naomba msomaji atazame yalikuwa ya namna gani. Mwaka 1961 Desmond Julian, akifanya kazi Edinburgh, alitoa hoja kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakifa kwa sababu mapigo ya moyo huvurugika ghafla. Mshtuko wa umeme ungeweza kuyarejesha, iwapo tu ungetolewa ndani ya dakika chache. Wakati huo wagonjwa walikuwa wametawanyika katika wodi mbalimbali, na daktari akiitwa alimkuta maiti. Basi wakakusanywa mahali pamoja, chini ya uangalizi wa saa 24. Hughes Day alifungua wodi ya namna hiyo Kansas City mwaka 1962, na nyingine zikafuata. Humo wauguzi walifundishwa kuyasoma mapigo na, jambo lililowaudhi baadhi ya madaktari, wakaruhusiwa kutoa mshtuko bila kungoja amri. Vifo hospitalini vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi karibu 15. Mashine zilihitajika, sikatai, ila bila mamlaka kuhama kutoka kwa daktari aliyelala nyumbani hadi kwa muuguzi aliyesimama kando ya kitanda, zingebaki kuwa mapambo. Huko Belfast, mwaka 1966, Frank Pantridge aliitoa huduma hiyo nje ya hospitali kabisa, akipakia ndani ya gari la wagonjwa mashine ya kushtua moyo iliyoendeshwa kwa betri za gari.

Kisha ikaja zamu ya kidonge. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao hawakupewa dawa zilizojaribiwa, takriban 13 walifariki ndani ya wiki 5. Kwa waliopewa aspirini pamoja na streptokinezi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, walifariki 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Ni dawa inayouzwa hadi vijijini.

Tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, nami naionea fahari. Hata hivyo, mgonjwa wa wilayani huanza safari yake kwenye meza ya mapokezi, na watafiti wa Moshi wameonyesha kuwa wengi wenye dalili hawapimwi ECG wala kupewa aspirini. Brazil ilikabiliana na hali hiyo katika hospitali 34 za umma kwa orodha za ukaguzi, vikumbusho na bangili za rangi mkononi mwa mgonjwa. Kwa matokeo ya mwaka 2012, waliopata tiba zote stahiki ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 67.9, dhidi ya 49.5 mahali ambapo hapakuwa na mpango huo. Nisiwapambie wasomaji: mpango unaokaribiana nao huko Kerala, India, katika hospitali 63, haukuonyesha kwa uhakika kupunguza vifo na madhara makubwa. Lakini Kerala aspirini ilikuwa imekwisha kuenea, na sisi bado hatujafika hapo.

Kwa hiyo nawauliza watumishi wa umma mnaonisoma, ninyi mnaoandika miongozo: muuguzi wa mapokezi anaruhusiwa na nani kupima ECG ndani ya dakika 10 na kutoa aspirini kabla ya malipo? Kama jibu ni "hakuna", waraka wa ukurasa mmoja unatosha kulibadilisha, na waraka huo hauhitaji kusubiri bajeti ijayo.